Harambee ya Jiko la Wagonjwa: Jumapili Ijayo Baada ya Ibada ya Pili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tunaona haya kurudi kwenu tena, na juzi tu mlichanga viti na vipaza sauti bila kunung'unika. Lakini ghala ya jiko la wagonjwa imebaki magunia matupu. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye kifua kikuu alikuja na bakuli lake akakuta uji umekwisha. Vidonge vya siku hiyo alikuwa amevifunga kwenye pindo la leso, akingoja kwanza apate kitu tumboni, maana akivimeza na njaa hutapika. Akarudi navyo nyumbani.

Dawa za kifua kikuu serikali inatoa bure. Chakula haitoi, na kinga ya mwili haiwezi kupigana na ugonjwa ikiwa na njaa. Seli ya kinga ikiwa imetulia hutumia kidogo. Ikishakutana na vijidudu hubadilika, ikafyonza glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, kwa wingi, kwa sababu ndani ya siku chache lazima ijigawe mara nyingi na kutengeneza kemikali za kupambana. Mtu akikonda sana, homoni ya leptini inayotoka kwenye mafuta ya mwili hushuka, na seli hizo hulegea. Huko Jharkhand, India, utafiti uliotangazwa mwaka 2023 uliwapa nafaka, kunde na vitamini watu wanaoishi na wagonjwa wa kifua kikuu. Walioambukizwa wakaugua walipungua kwa karibu asilimia 40. Kwa chakula, wapendwa!

Tunao pia watoto wenye saratani ya taya, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa hapo jirani, Uganda. Wazazi wengine wameambiwa mtaani kwamba sukari hulisha saratani, basi wanamnyima mtoto hata uji. Kweli uvimbe una ulafi wa sukari. Mwanasayansi Otto Warburg wa Ujerumani aliliona hilo miaka ya 1920, na leo inajulikana kwamba uvimbe unaweza kuzinyang'anya seli za kinga glukosi na kuzizungushia asidi. Lakini ukimnyima mtoto chakula, mwili wake huvunja misuli ili upate glukosi. Uvimbe unaendelea kula, anayekwisha ni mtoto. Hatusemi uji unaponya saratani, hiyo ni kazi ya dawa za hospitali. Ila dawa hizo humwelemea mtoto aliyekonda.

Tunahitaji unga wa wimbi, maharagwe, mafuta, maziwa, na mabati ya kuezeka upya jiko, kwani mvua ikinyesha huzima moto sufuria zikiwa mekoni. Kanisa lililonunua vipaza sauti kabla ya Pasaka halishindwi na debe la maharagwe.

Kila mchango utaandikiwa risiti, na hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Namba ya M-Pesa iko hapo hapo. Asiye na fedha alete kuni au aje Jumanne asubuhi kupika. Akina baba, zamu yenu bado haina jina hata moja.