Mfadhili anayetaka hesabu safi amlipe na anayeziandika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu mashirika madogo ya kijamii yanayofunga milango kwa kukosa fedha. Wasomaji wengi waliokwisha kuandika wameelekeza lawama Washington, na si bila sababu, kwani agizo la tarehe 20 Januari 2025 la kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, likifuatiwa na kukoma kwa shughuli za USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, tarehe 1 Julai mwaka huohuo, liliwakuta wenzetu wengi wakiwa na watumishi waliokwisha kuajiriwa na walengwa waliokwisha kuandikishwa. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Hata hivyo, mimi niliyeshika ukatibu wa shirika dogo la wilaya kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nafahamu kwamba tulikuwa tukinyimwa ruzuku hata miaka ile fedha zilipokuwa nyingi. Tulinyimwa kwa makosa yetu wenyewe, na kwa kosa moja la wafadhili ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Shirika letu linahudumia wazee wanaolea wajukuu yatima katika vijiji vichache vya Nachingwea, mkoani Lindi. Andiko letu la kwanza la kuomba ruzuku lilianza kwa kueleza umaskini wa dunia, likashuka kwenye umaskini wa Afrika, kisha wa Tanzania, na lilipofika Nachingwea lilikuwa limebakiza nusu ukurasa. Tulinukuu takwimu za kitaifa, kama wengi wanavyonukuu leo ule Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017-18 uliokuta asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Ni takwimu za kuaminika, lakini hazimwambii mfadhili lolote kuhusu bibi wa kitongoji fulani mwenye wajukuu wanne na chungu kimoja. Jibu lilikuja kwa barua ya mistari michache ikituuliza ni kaya ngapi, ni zipi, na kwa nini hizo ni maskini kuliko jirani zao wanaolima udongo uleule. Hatukuwa na la kujibu.

Mwaka uliofuata tukafanya kosa kubwa zaidi. Tulimkodi mtaalamu wa kuandika maandiko kutoka mjini, aliyetaka kulipwa sehemu ya ruzuku endapo tungeipata, sharti ambalo wafadhili wengi hawalikubali na ambalo lingetosha kutushtua. Andiko lilitoka limepambwa vizuri, lina majedwali ya rangi, na katika ukurasa wa tisa lilizungumzia hali ngumu ya wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria. Nachingwea haina ziwa. Tuliligundua hilo baada ya kulituma.

Kilichotutoa hapo si semina wala mtaalamu mwingine. Tulikaa siku tatu na mtendaji wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wazee wenyewe, tukaorodhesha kaya moja baada ya nyingine, tukiuliza kila kaya chakula kiliisha mwezi gani na nini kilifanyika baada ya kuisha. Ndipo tulipoona jambo ambalo tuliishi nalo bila kulitazama. Wazee wale hawakuwa watu wasio na mali. Wengi wana mikorosho, tena mizuri. Tatizo lao lilikuwa kalenda. Mahindi yakiisha Januari au Februari, mzee huchukua debe kwa mfanyabiashara kwa ahadi ya kulipa korosho mwezi Oktoba, kwa kipimo na bei anayoipanga mfanyabiashara. Hiyo ndiyo kangomba, biashara iliyokatazwa ambayo nchi nzima ilijifunza jina lake mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuanza kuwasaka walioikusanya kwa njia hiyo. Msimu ukifika, korosho inayopelekwa chama cha msingi cha ushirika na kuuzwa mnadani kwa jina la mzee ni chache, kwa sababu iliyobaki ilikwisha kuliwa mwezi Machi, na kwa hiyo ya mwaka unaofuata nayo huanza kuliwa mapema.

Andiko lililotokana na siku zile tatu halikuomba fedha za kupunguza umaskini. Liliomba fedha za kukarabati ghala dogo na kununua mahindi mwezi Juni, bei ikiwa chini, yakopeshwe kwa kaya zilizoorodheshwa mwezi Februari na kurejeshwa baada ya malipo ya korosho kuingia benki. Kiashiria kilikuwa kimoja, nacho mtu yeyote kijijini angeweza kukihakiki: ni kaya ngapi kati ya zile za orodha zimeingia msimu bila deni la kangomba. Ruzuku hiyo tuliipata, ingawa haikuwa kubwa. Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mashirika mengi ninayokutana nayo bado yanaandika juu ya umaskini kana kwamba ni hali ya hewa, na mfadhili asomaye maandiko mia moja yanayofanana hana njia ya kujua lipi limetoka kijijini na lipi limetoka kwenye kompyuta ya mtu wa mjini.

Wanaouliza fedha ziko wapi wajue kwamba hazikuwahi kutoka mlango mmoja. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za Kitanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Umoja wa Ulaya hutangaza miito ya maandiko ambayo kwa kawaida huanza na muhtasari wa wazo, na wanaopita ndio huitwa kuandika andiko kamili. Lakini kiasi chake huwa kikubwa na mara nyingi mwombaji hutakiwa kuchangia sehemu ya gharama, kwa hiyo shirika la wilaya hufanya vyema kuingia kama mshirika mwenza chini ya shirika kubwa kuliko kujitutumua peke yake. Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi midogo ya jamii, ambayo hugharimia majengo na vifaa lakini si mishahara. Kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, naona watu wengi wanachanganya: hiyo ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Si ruzuku, haiendi kwa mashirika, na wazee kama kundi hawamo.

Sasa nifike kwenye daftari. Kwa uzoefu wangu, mfadhili makini husoma viambatisho kabla ya andiko. Hutazama cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, katiba, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na juu ya yote hesabu zilizokaguliwa. Sheria zetu wenyewe zinadai hayo hata mfadhili asipodai. Kanuni za mwaka 2018 zinalitaka shirika lililopata zaidi ya shilingi milioni 20 kuweka wazi chanzo na matumizi ya fedha hizo kwa umma, na kuwasilisha mkataba wake na mfadhili kwa Msajili ndani ya siku kumi. Wapo wanaolalamikia kanuni hizo, na baadhi ya malalamiko nayaunga mkono, maana siku kumi ni chache kwa mtu wa kijijini asiye na intaneti ya uhakika. Lakini shirika ambalo vitabu vyake vinaandikwa kila wiki haliogopi mkaguzi.

Vyetu havikuwa vikiandikwa kila wiki. Tulipoteza ruzuku moja, iliyokwisha kupitishwa kwa mdomo, kwa sababu miezi mitatu ya mwaka uliotangulia haikuwa na usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari letu na taarifa ya benki, na hati mbili za malipo hazikuwa na stakabadhi. Hakuna shilingi iliyoibwa. Mweka hazina wetu alikuwa mwalimu wa sekondari aliyejitolea, na miezi hiyo mitatu ilikuwa ya maandalizi na usimamizi wa mitihani ya Taifa. Tulimlaumu wakati ule, na leo naona aibu kwamba tulimlaumu, kwa sababu tulikuwa tunamdai mtu kazi ya kitaaluma ambayo hatukuwahi kumlipa hata nauli.

Hapa ndipo ninapowageukia wafadhili. Kila mmoja wao anataka hesabu safi, taarifa za kila robo mwaka, mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na ufuatiliaji wa viashiria, lakini wengi wao wanapofika kwenye mstari wa gharama za uendeshaji katika bajeti huchukua kalamu nyekundu. Umoja wa Ulaya kwa kawaida huruhusu gharama zisizo za moja kwa moja zisizozidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja za mradi. Katika mradi wa mwaka mmoja wenye gharama za moja kwa moja za shilingi milioni 30, hiyo ni shilingi milioni 2 na laki 1, sawa na shilingi 175,000 kwa mwezi, na humo ndimo itoke kodi ya chumba cha ofisi, umeme, karatasi, bando la simu na jasho la mweka hazina. Wamarekani, kabla ya mambo yao kuvurugika, walikuwa wamekwisha kuona tatizo hili: kuanzia Oktoba 2024 waliinua kiwango chao cha jumla cha gharama hizo, kwa mashirika yasiyo na kiwango walichokubaliana na serikali yao, kutoka asilimia 10 hadi 15. Ni bahati mbaya kwamba mlango ulifungwa miezi michache tu baada ya kupanuliwa.

Lipo jambo ambalo wenzangu wengi hawalijui, nami nililijua nimekwisha kuzeeka katika kazi hii. Mhasibu anayefanya kazi ya mradi si lazima abanwe ndani ya asilimia ile. Wafadhili wengi, Umoja wa Ulaya ukiwamo, hukubali sehemu ya mshahara wake iwekwe katika gharama za moja kwa moja, ili mradi ielezwe ni siku ngapi kwa mwezi anazotumia kwa mradi huo na kumbukumbu za muda wake zitunzwe. Wanaojua hili ni mashirika makubwa yenye maofisa wa ruzuku. Sisi wadogo, kwa kuogopa kuonekana tunakula fedha za yatima, tunaandika bajeti ambayo kila senti inaenda kwa mlengwa, tunasifiwa kwa moyo wetu, kisha mwaka wa pili tunafungiwa kwa hesabu mbovu. Ningeomba kila tangazo la ruzuku kwa mashirika ya wilaya liseme waziwazi, ukurasa wa kwanza, kwamba mshahara wa mtunza hesabu ni gharama halali na kwamba bajeti isiyo nao itaulizwa kwa nini hauna.

Tena matangazo hayo yaandikwe kwa Kiswahili, na maandiko yapokelewe kwa Kiswahili. Mikutano yetu ya kijiji ni ya Kiswahili, mihtasari ni ya Kiswahili, na mzee aliyetueleza habari ya debe la mahindi hakutumia lugha nyingine. Mtu aliyetutafsiria andiko letu la ghala alilipatia neno kangomba maana ya magendo, mfadhili akatuandikia kuuliza kama tunakusudia kufadhili wahalifu. Ilituchukua wiki mbili za barua kumsafisha bibi wa watu.

Mwaka huu tumeandika andiko la kurasa sita la kupanua ghala lile hadi vijiji viwili zaidi. Wazee wa vijiji hivyo wameahidi nguvu kazi ya kufyatua tofali, na mchango huo tumeuthamini kwa shilingi katika bajeti, kama baadhi ya wafadhili wanavyokubali. Chini yake, kwa mara ya kwanza bila kuuficha, tumeweka mstari wa mhasibu wa siku nane kwa mwezi. Tumeambiwa majibu yatatoka mwezi ujao, na ukiniruhusu, Mhariri, nitaandika tena kueleza kama mstari huo umepita au umekatwa.

Katibu wa shirika la kijamii,
Nachingwea, Lindi.
(Jina na anwani vimehifadhiwa)