Shukrani kwa fundi aliyeiokoa spindeli yangu

Jina lako sikulipata, fundi, na pengine hutaki lijulikane. Asante sana.

Mashine yangu ndogo ya milingi, ya kuchongea chuma, ilinifikia tepa ya spindeli (tundu lenye umbo la koni kwenye mhimili unaozunguka) ikiwa imekwaruzika. Koleti, kile kibanio kinachoshika kisu cha kuchongea, iliwahi kuteleza na kuzunguka humo ndani, chuma kikachubuka. Wengine wote walinishauri ninunue spindeli mpya. Wewe uliuliza kwanza: mikwaruzo imeinuka au imezama? Iliyozama haina neno, maana koleti bado inashikwa na uso uliobaki mzima. Mkorofi ni kinundu, hata kiwe chembamba kuliko unywele, kwani ndicho kinachoisukuma koleti ikae upande.

Ukanielekeza niipake koleti safi utando mwembamba wa rangi ya buluu, niichomeke, niizungushe kidogo, niitoe. Rangi iliposhika ndani ya tepa ndipo palipoinuka. Basi hapo tu, kwa kijiwe laini chenye mafuta, taratibu, kisha rangi tena. Kazi ya kuchosha kweli, lakini inalipa. Kusaga tepa nzima ulisema kuwe hatua ya mwisho kabisa, spindeli ikizunguka kwenye beringi zake yenyewe, nazo zikingwe na vumbi la jiwe.

Haikufika huko. Sasa sindano ya geji ya kupimia, ikigusa ndani ya tepa spindeli ikizunguka, inacheza 0.01 mm tu, na chuma ninachochonga kinatoka na uso laini.

Malipo uliyakataa. Shukrani hizi za hadharani, tafadhali, usizikatae.