Mwanangu, kabla hujafika Wando

Wando, Korea Kusini, Mei 2026

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na bibi naye mguu umepoa. Sisi huku, mimi, mdogo wako na baba yako wa huku, tuko salama. Nimeona nikuandikie kwa mkono, maana kwenye simu wewe jibu lako ni "ndiyo mama, sawa mama", mara mtandao umekatika, na haya nataka uyasome umetulia. Msomee na bibi. Yamo na yake.

Viza imetoka. Baba yako mzazi ameridhia, Mungu amlipe kheri. Utafika Agosti, kwa sababu skuli za huku muhula wa pili unaanza mwishoni mwa mwezi huo. Mwaka huu Chuseok ni tarehe 25 Septemba, kwa hiyo hutapata nafasi ya kuzowea. Utashuka kwenye ndege leo, kesho keshokutwa ukoo mzima uko uani, na kila mmoja anataka kukuona.

Chuseok ni sikukuu yao ya mavuno, siku ya kumi na tano ya mwezi wa nane, mwezi ukiwa mpevu. Na wao wana kalenda ya mwezi kama sisi, ila baada ya kila miaka miwili mitatu huongeza mwezi mmoja ili sikukuu isihame msimu wake. Mwaka jana waliongeza, ndiyo maana Chuseok ikasogea mpaka tarehe 6 Oktoba. Sisi hatuongezi, na Ramadhani yetu inazunguka mwaka mzima. Mwaka huu zimekutana: Seollal, mwaka mpya wao, ilikuwa tarehe 17 Februari, tukanywa supu ya vipande vya mchele uliopondwa, na kabla wiki haijaisha tukaingia kwenye mfungo. Jioni nilitoka uani kutazama mwezi, baridi inakata masikio. Mkwe wangu akanifuata na koti lake. Hakuniuliza natafuta nini.

Huyo ndiye utakayemwita halmeoni, yaani bibi. Nataka nikueleze habari zake, maana ukimjua yeye, nyumba hii umeijua.

Nilifika Septemba 2018, siku chache kabla ya Chuseok. Nyumba imejaa. Jikoni wanawake wamekaa chini, magazeti yametandazwa sakafuni, majiko mawili madogo ya gesi yanawaka, wanakaanga tangu asubuhi. Chakula hicho huitwa jeon: vipande vyembamba vya samaki, vya mung'unye changa, vya uyoga, vinapitishwa kwenye unga, kisha kwenye yai, kisha kwenye mafuta kidogo. Nikapandisha mikono ya nguo nikae nao. Mkwe wangu akanishika bega, akanipeleka chumbani, akaniwekea sahani ya mapeasi yaliyomenywa, akafunga mlango moshi usinifikie. Nikakaa na mapeasi yangu, nasikia mafuta yanalia na watu wanacheka. Alifanya kwa mapenzi, najua. Lakini mimi ni mtoto wa Paje. Kwetu kukiwa na shughuli, mwanamke asiyepewa hata kitunguu cha kumenya ajue kuna jambo. Siku ile nilikulilia wewe. Ulikuwa na miaka mitano, na nilikuacha umelala.

Mwaka wa pili ikawa vile vile. Kisha ikaja korona. Chuseok ya 2020 ilikuwa tarehe 1 Oktoba, serikali ikawaomba watu wasisafiri kwenda makwao, na shemeji yangu mkubwa na mkewe wakabaki Seoul. Jikoni tukabaki wawili. Alfajiri mkwe wangu akanigongea mlango, mkononi ana kikaango kipya, karatasi ya bei bado imebandikwa. Akanionyesha chini yake, pembeni yake, ndani yake, kama muuzaji, halafu akaniambia kwa maneno machache niliyokuwa nayafahamu: hiki nguruwe hajakigusa. Akanikabidhi. Tulikaanga mpaka adhuhuri. Nikigeuza samaki mapema ananigonga mgongo wa mkono kwa kijiti cha kulia, anangoja ukingo wa yai ukauke, ndipo anatikisa kichwa: sasa. Mpaka leo nikikaanga nauona ukingo ule.

Bibi yako husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilichelewa miaka miwili, na lilikuja kwa umbo la kikaango.

Sasa sikiliza kuhusu asubuhi ya sikukuu, hapa ndipo utakapobabaika. Huandaliwa meza ya wazee waliotangulia, wali, supu, samaki mzima, matunda yaliyopangwa, na pombe humiminwa kwenye kikombe. Watu wa nyumba wanasujudu mbele yake mara mbili. Hiyo huitwa charye. Sisi hatusujudu. Baba yako wa huku alisilimu kabla ya nikaha yetu, tulifungishwa kwenye msikiti wa Itaewon, Seoul, ule uliofunguliwa mwaka 1976, na tangu hapo husimama nyuma, mikono mbele, kimya. Nawe utasimama naye. Usicheke, usichezee simu, usigeuze uso kama mtu aliyeona kinyaa. Wanawakumbuka wafu wao, nasi tunawaombea wetu.

Mwanzo haikuwa rahisi. Shemeji alikasirika sana, alisema ndugu yake amewatupa baba na babu. Akanyamaza mezani, na unyamavu wake ulikuwa mzito kuliko kelele. Mkwe wangu akaendelea kumpasua samaki kwa vijiti, anatoa miiba. Kisha akasema: "Jirani yetu wa kanisani naye hasujudu, lakini makaburi ya kwao hayana magugu." Basi. Tangu siku hiyo baba yako wa huku ndiye anayefyeka makaburi yote ya ukoo.

Kazi hiyo inafanywa wiki chache kabla ya Chuseok, na wewe utakwenda naye. Makaburi yako mlimani, ni vichuguu vya mviringo vilivyooteshwa majani, vinatazama bahari. Mvua za kiangazi cha huku huotesha magugu mpaka kiunoni. Mashine ya kufyekea ataishika yeye, wewe utapewa mundu na reki. Angalia sana nyoka, na angalia mavu: wa huku ni wakubwa, hujenga ardhini, na kila mwaka kuna watu wanaoumwa wakifyeka. Asikwambie mtu ni kazi ya kishamba. Nilimwomba mwenyewe akuchukue. Sitaki uwekewe mapeasi chumbani.

Nyumbani nako kazi ipo. Wanawake wa huku wamechoka na sikukuu, nakwambia ukweli. Mke wa shemeji alikuwa anasafiri saa nyingi kutoka Seoul, barabara zimefungana magari, akifika anavua koti na kukaa mbele ya jiko, wanaume wako sebuleni. Siku mbili nzima. Akirudi kwake anaumwa mgongo na tumbo, na wana jina kabisa la maradhi hayo ya sikukuu. Mwaka 2022 wakuu wa mila za Kikonfusio wa Sungkyunkwan walitangaza kwamba meza ya wazee haihitaji vyakula vya kukaanga, na kwamba sahani tisa zinatosha. Mkwe wangu aliisikia habari hiyo kwenye televisheni, akazima, hakusema neno. Mwaka uliofuata tukakaanga aina tatu badala ya nane. Mke wa shemeji alinifinya mkono chini ya meza. Wewe utaosha vyombo, na huo ndio mchango wako kwangu. Ukiona baba yako mkubwa wa huku anashangaa, mwache ashangae.

Usiku wa kuamkia sikukuu tunafinyanga songpyeon, vikate vya unga wa mchele vyenye umbo la nusu mwezi, ndani ufuta na sukari, au maharage, vinapikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Wanasema anayevifinyanga vizuri atazaa binti mzuri. Vyangu vya mwaka 2020 vilipasuka vyote, na mwaka uliofuata nikajifungua mdogo wako, umeshaiona sura yake.

Hapa bibi asogee karibu, maana nataka kusema habari za mwani.

Bibi, miaka yote uliyoingia majini wakati wa bamvua, maji kiunoni, unafunga mwani kwenye kamba, unaanika, unajaza magunia, unampelekea mnunuzi anayepanga bei yeye, hatukuwahi kuula. Tulijua mwani unapanda meli, unakwenda kufanywa vitu vya watu. Sasa mimi nimeolewa kwenye kisiwa cha mwani. Si ule wetu, wa huku ni mpana, mweusi-kijani, unapenda maji ya baridi, na kazi yake ni ya maboti na maboya, kamba zinavutwa kwa mashine. Nilipojifungua, mkwe wangu aliingia na bakuli la supu ya mwani. Asubuhi, mchana, usiku. Mzazi wa huku hunyweshwa hiyo ili arudishe damu na maziwa yashuke. Nilipofunua kifuniko harufu ikanipiga, harufu ya uani kwetu magunia yakiwa yamejaa. Nilishindwa kumeza. Akadhani chumvi imezidi, akakimbilia kuongeza maji, nami sina maneno ya kumwambia kwamba nimemwona mama yangu kwenye bakuli. Nilikunywa wiki tatu. Na kila siku ya kuzaliwa mtu hupikiwa hiyo, kwa kumkumbuka mama aliyezaa. Kwa hiyo mwanangu, yako nimekuwa nikiipika kila mwaka wewe ukiwa Paje, na nimekuwa nikiinywa mimi. Ukija utainywa mwenyewe. Isipokuwa siku ya mtihani: mwani unateleza, na wanasema ukiunywa utateleza na majibu.

Mambo mengine ni mepesi kwako kuliko yalivyokuwa kwa mzungu yeyote. Viatu unavua mlangoni. Unakaa chini, na baridi ikija sakafu yenyewe ina moto kwa ndani, utaipenda. Mkubwa hajanyanyua kijiko, wewe hunyanyui. Kitu cha mkubwa unakipokea kwa mikono miwili. Watakuuliza umri kabla ya jina, usione ufidhuli, wanatafuta waseme nawe vipi, maana kitenzi chao kina shikamoo ndani yake. Maliza kila sentensi na "yo" mpaka uambiwe basi. Zamani ungetajiwa mwaka mmoja au miwili zaidi, walihesabu kwa namna yao, lakini tangu Juni 2023 sheria inataka hesabu ya kawaida, ingawa halmeoni bado anachanganya. Mwisho wa Novemba kuna kazi ya kimchi ya mwaka, yaani achari ya kabichi iliyochachuliwa, kabichi mamia kwa jirani wote pamoja, mikono inawaka pilipili. Kazi hiyo Unesco waliitia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Wenzetu wakimaliza hula nguruwe wa kuchemsha, sisi huletewa chaza.

Na watakutazama. Watoto watataka kugusa nywele zako. Kuna watakaosema neno baya, sitakuficha. Siku moja sokoni, mwanamke mmoja alimwuliza mkwe wangu, nami nimesimama pale nimebeba kapu, kama mimi ni kibarua wake wa mwani. Watu wa huku hawasemi "mama yangu" wala "nyumba yangu", husema mama yetu, nyumba yetu, kama sisi tunavyosema kwetu hata mtu akiwa peke yake. Mkwe wangu alilipia samaki wake kwanza, akahesabu chenji, ndipo akamjibu: "Uri myeoneuri." Mkwe wetu. Akanipokonya kapu, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye basi, na ana miaka sabini na sita.

Tangu Machi ananiuliza wewe unakula nini. Nimemwambia samaki. Ameshaanza kukausha.

Bibi naomba amchagulie doti moja ya kanga, maandishi achague yeye, nitayatafsiri. Karafuu kidogo za chai, zikaushwe vizuri, mzifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Nguo za baridi usibebe, ziko.

Na kitu kimoja cha haraka. Nataka kukununulia viatu virefu vya mpira vya kwendea makaburini, kwa ajili ya wale nyoka, na dukani nimeulizwa saizi nikashindwa kujibu. Simama juu ya karatasi bila soksi, bibi achore mguu wako kwa kalamu, kisigino mpaka kidole kirefu, miguu yote miwili, halafu unipigie picha na rula pembeni. Nitumie wiki hii.

Mamako