Postikadi za matangazo zinafia kwenye sanduku la posta

Ndugu Mhariri,

Madizaina wengi wa postikadi za matangazo hapa Dar es Salaam huzipamba kana kwamba zitapelekwa hadi mlangoni kwa mteja. Barua zetu nyingi huishia kwenye sanduku la posta, na la ofisi hufunguliwa na tarishi, tena si kila siku. Ofa ya "siku tatu tu" inaozea humo. Ipe wiki nne, na uandike tarehe kamili ya mwisho. Na kwa kuwa sanduku moja huhudumia ofisi nzima, kadi ya "Ndugu Mteja" haivuki mapokezi. Andika jina, au walau cheo: Mhasibu, Ofisa Ugavi.

Kipimo cha Umoja wa Posta Duniani kwa postikadi ni kuanzia milimita 90 kwa 140 hadi 120 kwa 235. A6 (105 kwa 148) imo. A5 haimo, kwa hiyo uliza kwanza gharama yake kaunta ya posta. Karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba inafaa. Shiti moja la SRA3 (karatasi ya kuchapia, kubwa kidogo kuliko A3) hutoa kadi nane za A6, hivyo kadi 1,000 ni mashiti 125, na chache za kuharibika.

Kinachowaumiza watu zaidi ni kukata. Rangi ikiishia kwenye mstari wa kukatia, kisu kikihama kidogo tu unabaki uzi mweupe pembeni. Ivushe milimita 3 nje ya mstari, maandishi yakae milimita 5 ndani. Halafu kuna plastiki nyembamba ya kufunika kadi: wengine huiweka pande zote mbili ili kadi ing'ae, wino wa kalamu na wa muhuri ukakataa kushika. Weka upande wa picha tu. Upande wa anwani, nusu ya kulia iachie stempu na mpokeaji, S.L.P. yako iwe ndogo, juu kushoto, karani asije akakurudishia kadi zako mwenyewe.

Bluu inayowaka kwenye kompyuta, ikichapwa hutoka karibu na zambarau. Dai nakala moja ya majaribio iliyochapwa, usikubali picha ya WhatsApp.

Ofa iwe moja, namba ya simu kubwa. "Tupo Kariakoo" haitoshi, taja mtaa na alama ya jirani. Gawa kadi mafungu mawili yenye ofa tofauti, kila moja na neno lake la siri, na anayepokea simu aliulize kabla ya kutaja bei, ujue ofa ipi imevuta wateja.

Mchapaji,
Ilala, Dar es Salaam