Kosa la kuchapa nasamehe, kiapo cha uongo la

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mmoja katika safu hii akituambia sisi tulioharibiwa hati za magari na mawakili kwamba tuna njia mbili tu: kutafuta wakili mwingine arekebishe, au kumwachia Mungu. Kumwachia Mungu ni kwema na mimi humwachia mengi. Lakini jambo hili lina wenyewe hapa hapa duniani, tena wanalipwa mshahara kwa kodi zetu.

Nina tuktuk mbili zinazobeba abiria upande wa Kongowea na Kisauni. Ya pili niliinunua mkononi mwa mtu, ikiwa imetumika. Tulikwenda kwa wakili mmoja mjini, ambaye pia ni kamishna wa viapo, yaani mwenye kibali cha kuapisha watu, akatuandikia makubaliano ya mauzo. Muuzaji akatia sahihi, nami nikatia. Karani wake akasema kubadilisha jina kule NTSA, mamlaka inayoandikisha magari, ni kazi ya ofisi yao, tusihangaike. Nikatoa ada ya uhamisho pamoja na malipo yao, nikapewa risiti. Muuzaji naye akaenda zake Muscat, Oman, kutafuta riziki.

Jina halikubadilika. Nilikuja kulijua hilo dereva wangu alipogongwa ubavuni na kanta pale Bombolulu. Watu wa bima wakataka logibuku, ile hati ya umiliki, jina ni la muuzaji. Wakataka makubaliano, nambari ya chesisi iliyochapwa si ya tuktuk yangu: mwisho ni 3, ofisi ya wakili imeandika 8. Kwa karatasi zile mimi nimenunua chombo ambacho huenda kiko Kisumu kinabeba samaki.

Kosa la kuchapa nalisamehe, kila mkono hukosea. Kilichonitia kalamu mkononi ni dawa niliyopewa. Karani aliniambia nirudi Alhamisi. Niliporudi akanipa makubaliano mapya yenye chesisi sahihi, na juu yake hati ya kiapo ya muuzaji kwamba chombo kilikuwa chake, hakidaiwi, na ameniuzia mimi. Chini imeandikwa kwamba ameapa Mombasa, mbele ya kamishna, tarehe ya jana yake. Sahihi ipo. Muhuri upo, wino haujakauka vizuri. Na huyo muuzaji asubuhi ile ile nilikuwa nimezungumza naye kwa video, yuko Muscat kwenye gari la tajiri wake, analalamikia joto.

Nikamuuliza karani, "Mwanangu, huyu bwana ameapa saa ngapi?"

Akacheka. "Mama, haya mbona ni ya kawaida."

Si ya kawaida. Sheria ya Viapo, Sura ya 15, inamtaka kamishna aandike ni wapi na ni tarehe gani kiapo kilifanyika mbele yake. Mbele yake maana yake mtu yupo, anaonekana, amenyosha mkono au ameshika msahafu. Sheria hiyo hiyo inamkataza kamishna kuapisha katika shauri ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa mmoja wa wahusika, au ana maslahi nalo. Wakili wetu ndiye aliyeandika makubaliano, ndiye ambaye ofisi yake ilipokea pesa za kuhamisha jina, na ndiye aliyegonga muhuri wa kiapo. Hata kama muuzaji angekuwa amekaa kwenye kiti pale pale, muhuri ule ungepaswa kugongwa na kamishna mwingine. Nkrumah Road na Treasury Square hakuna uhaba wa mawakili. Ukitupa jiwe utampata mmoja.

Na wenzangu muelewe hatari iko wapi. Kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Adhabu, Sura ya 63, kifungo chake hufika miaka 3, na anayeitumia hati ya kughushi akijua ni ya kughushi anahesabiwa sawa na aliyeitengeneza. Ningeipeleka karatasi ile kwa bima nikijua muuzaji yuko Oman, kesho kizimbani ni mimi, na karani angesema hanijui.

Basi niseme nilivyofanya, kwa kuwa msomaji mwenzetu anadhani hakuna pa kwenda.

Hati ile sikuitumia wala sikuirudisha. Niliihifadhi, nikamwomba muuzaji anitumie picha ya pasipoti yake yenye muhuri wa kuondoka Kenya, nikaenda kituo cha polisi nikaikabidhi na kuandikisha, nikapewa nambari ya OB, kitabu chao cha matukio. Afisa alitaka kunirudisha kwa wakili tukasikizane. Nikamwambia kusikizana ni baadaye, kwanza aandike.

Pesa ni jambo jingine na lina mahali pake. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Mombasa tunayo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Unaweza kusimama mwenyewe na kusema kwa Kiswahili. Mkataba wa kufanyiwa huduma na pesa zilizopokewa bila kazi kufanyika vyote vinaingia humo. Mimi nadai ada niliyotoa na hasara iliyonifika bima ilipokataa kulipa, na ushahidi wangu mkubwa ni ile risiti, imeandikwa wazi "kubadilisha umiliki". Wengi wetu hulipa kwa simu bila kuomba hata kikaratasi, na ujumbe wa simu unaonyesha pesa zimefika lakini hausemi zilikuwa za nini. Kabla ya kufungua kesi nilimwandikia wakili barua ya madai, nikampa muda wa kujibu, na nakala yake nikaiweka. Aliyechelewa naye asikate tamaa: dai la mkataba lina miaka 6, ingawa la uzembe lina 3.

Nidhamu ya wakili haiamuliwi huko. Kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, na hapa ndipo nilipofurahi zaidi. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Mawakili kinaipa tume hiyo kazi ya kupokea malalamiko kuhusu mwenendo wa wakili, kampuni ya mawakili na hata mfanyakazi wake. Mfanyakazi! Maana kisingizio cha kwanza alichonipa wakili kwa simu kilikuwa "hayo aliyafanya karani, mimi nilikuwa kortini." Karani hana muhuri wake. Malalamiko mazito yanaweza kufikishwa mbele ya Jopo la Nidhamu, lenye uwezo wa kumtoza wakili faini, kumsimamisha kazi au kulifuta jina lake katika orodha. Na ukamishna wa viapo hutolewa na Jaji Mkuu, na yeye ndiye anayeweza kuufuta. Notari, yule anayethibitisha hati rasmi, naye ni vivyo hivyo, ni wakili aliyeteuliwa, hakushuka na muhuri kutoka mbinguni. Siku hizi kabla sijatia sahihi popote humwomba mwanangu alitafute jina la wakili katika mtandao wa Chama cha Wanasheria, tujue kama leseni yake ya mwaka huu ipo. Ni kazi ya dakika chache.

Lakini hakuna hata moja kati ya hizo itakayobadilisha jina kwenye logibuku, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Unaweza kushinda kesi, wakili akafungiwa, na chombo bado kikawa cha mtu mwingine machoni pa serikali. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyeandikishwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 hakiruhusu chombo kitumike barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila mnunuzi kuandikishwa. Nilimweleza muuzaji haya pole pole: dereva wangu akimgonga mtu, samansi itaandikwa jina lako wewe, nawe utalazimika kujitetea kutoka Muscat kwamba uliuza zamani. Alikuwa akidhani shida ni yangu peke yangu. Kumbe uhamisho huanzishwa na muuzaji mwenyewe kwenye akaunti yake ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, mnunuzi akakubali kwenye yake, ada ikalipwa. Ameuanzisha kwa simu akiwa huko huko. Ikitakiwa hati yoyote ya kiapo kutoka kwake, amekubali kwenda kuapa mbele ya mtu anayemwona kwa macho.

Juma lililopita wakili mwenyewe alinipigia, kwa upole sana, akaniita mama. Yuko tayari kurudisha kila senti, na nyongeza juu, mradi niondoe malalamiko kule kwenye tume na nimrudishie hati ile. Nimemjibu kwa maandishi kwamba pesa alete, tutaandikishana mbele ya mahakama na kesi ya madai itakwisha. Hati ya kiapo iko kwa polisi, nambari ya OB nimempa, akaiulize huko.

Mwenye tuktuk,
Kisauni, Mombasa