Shoga yangu, usiirudishe ile fomu kabatini

Malindi

Assalaam aleikum shoga yangu Zuhura,

Hujambo wewe na watoto? Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama yako nilimpitia Ijumaa kule Barani, mguu umepungua kuvimba na maneno ni yale yale, kwa hiyo ondoa wasiwasi. Kusi imeshika, samaki ni wa kutafuta na bei yake usiulize. Mengine nitakupa baadaye, kwa maana ujumbe wako wa juzi umeninyima raha.

Umeniandikia kuwa ile fomu ya mpango wa serikali ya huko Marekani, wa kulipia chakula cha watoto wanaolelewa kituoni kwako, umeiacha, kwamba mtanunua wenyewe kama mnavyonunua siku zote, na kuwa shemeji kasema ni bora njaa kuliko kesi. Zuhura, makaratasi yale ulinitumia wewe mwenyewe nikusomee, ukaniambia, "Wewe ulishika vitabu vya stoo ya bweni miaka yote ile, utayaelewa." Nimeyasoma yote, mengine mara mbili. Sasa na wewe nisikilize.

Hofu yenu naijua inakotoka. Ile kesi ya Minnesota hata huku tuliisikia: Septemba 2022 watu 47 walishtakiwa kwa mpigo, na pesa zilizotajwa ni dola milioni 250, chakula cha watoto kilichoandikwa kwenye karatasi na hakikupikwa. Wengi wao majina yao yanafanana na yetu. Tangu hapo kila mwenye buibui anayefungua kituo anahisi anatazamwa. Lakini walioshtakiwa waliambiwa wameandika watoto wasiokuwepo. Wewe watoto wako wapo, wanakula, na wanakumalizia mchele. Kwa nini uwaachie waliodhulumu wakufungie na wewe mlango?

Na pesa zenyewe si sadaka ya mtu. Mpango huu ulianza 1968, uko chini ya wizara yao ya kilimo, na kila jimbo lina ofisi yake inayopokea maombi. Shemeji anasema ni wa mashirika ya hisani tu. Sivyo. Kituo cha biashara kama chako kinaingia, ilimradi angalau asilimia 25 ya watoto wawe wa nyumba zenye kipato cha chini, au wawe wanalipiwa na serikali ile ada ya malezi. Kwa watoto 40 ni 10 tu, na kwa mtaa wako huo nadhani unao zaidi ya nusu. Ila hesabu hiyo inatazamwa kila mwezi unaodai, kwa hiyo mtoto akihama, mfute siku hiyo hiyo.

Kina mama wanaoogopa fomu ya kipato, kaa nao mmoja mmoja. Uhamiaji hauulizwi mle. Anayetia sahihi anaandika tarakimu nne za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii, na kama hana, kuna mahali pa kuonyesha kuwa hana. Mwenye kadi ya msaada wa chakula anaandika namba ya faili lake la msaada, si ile ya kadi, na kipato haulizwi. Na akikataa kabisa kujaza, usigombane naye: mtoto wake atahesabiwa kwenye daraja la malipo madogo, lakini atahesabiwa. Fomu ni ya mwaka mmoja, kisha wanajaza tena.

Sasa menyu uliyoniletea. Nimeicheka kwa mapenzi, nikahisi harufu ya jikoni kwa marehemu bibi yako. Mahamri na mbaazi Jumatatu, mahamri na mbaazi Jumatano, viazi karai Alhamisi! Shoga, tangu Oktoba 2017 hawaruhusu chakula cha kuzamishwa kwenye mafuta kupikwa hapo kituoni. Tena keki, kaimati na vyote vya namna hiyo vinawekwa fungu la vitamutamu, havilipwi. Mbaazi ndizo salama yako. Zinahesabiwa kama nyama, na asubuhi zinaweza kushika nafasi ya nafaka mpaka mara tatu kwa wiki. Basi mahamri waachie Idi nyumbani, kituoni piga chapati za kukausha za unga wa atta, maana kila siku lazima angalau chakula kimoja kiwe na nafaka isiyokobolewa. Weka tunda, weka maziwa, umemaliza. Ila tui la nazi halihesabiwi kuwa maziwa, hata lingekuwa zito vipi. Wa miaka miwili mpaka mitano wanapewa maziwa ya mafuta asilimia 1 au yasiyo na mafuta kabisa, yasiyotiwa ladha, robo tatu ya kikombe kwa wale wa miaka mitatu kwenda juu. Wa mwaka mmoja maziwa yenye mafuta yake yote, nusu kikombe. Mchana ndio vitu vitano: maziwa, nyama au samaki au kunde, mboga, tunda, nafaka. Wali na samaki wa kupaka, mchicha, kipande cha embe, maziwa. Sima na maharage vilevile, mradi maharage yahesabiwe mara moja tu, ama nyama ama mboga. Unaona? Ni chakula chetu, kasoro karai.

Lakini menyu haikulindi. Kinacholinda ni kile nilichokuwa nikigombana nacho na wapishi wa bweni kila siku ya Mungu: andika idadi watoto wakiwa mezani, sahani mbele yao. Usingoje jioni, usingoje Ijumaa. Karatasi ya mahudhurio iseme 31, karatasi ya mezani isipite 31. Pale bweni tulikuwa na mpishi hodari, mkono wake mtamu, akijaza wiki nzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na mkaguzi alikuwa akitazama rangi ya wino tu anajua. Huko kwenu wakaguzi wanaweza kuja bila kubisha hodi. Waje. Wakikuta watoto wanakula na karatasi imeandikwa dakika hiyo, watakufanya nini?

Kwa siku, mtoto mmoja unamdai milo miwili na kitafunio kimoja, au vitafunio viwili na mlo mmoja. Basi. Dai la mwezi liwasilishwe ndani ya siku 60 baada ya mwezi kwisha. Makaratasi yawekwe miaka mitatu. Na hili mwambie shemeji mapema: kwa kawaida pesa zinarudi baada ya kula, hazitangulii. Ni lazima mwe na akiba ya kununulia chakula miezi ya mwanzo. Hapo ndipo ninapoogopa kwa ajili yako, kuliko hata kesi.

Mwanaisha alivyokushauri uingie chini ya shirika mdhamini, mie naunga mkono. Linakufundisha, linakupelekea madai, na linaruhusiwa kubakisha hadi asilimia 15 kwa gharama zake. Ni pesa, najua. Lakini huna karani, na usiku unanyonyesha. Mwaka wa kwanza kubali, kisha… tutaona. Ukitaka kwenda mwenyewe, ofisi ya jimbo inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30 maombi yakishakamilika. Hilo neno "yakishakamilika" ndilo linalochelewesha watu, kwa hiyo lisikose hata sahihi moja.

Unajua kwa nini nakukazania hivi? Hapa kwangu uji wa watoto unatoka kwenye ada ya wazazi, na mwezi ambao mabaharia hawakupata kitu, naukoroga mwepesi na watoto wanaujua. Wananitazama. Chekechea huku ni kazi ya kaunti kwa katiba ya 2010, na kituo cha mtu binafsi kama changu kinajitegemea. Wewe una mlango ulio wazi, kisheria, kwa watoto ambao mama zao wanatoka kazini saa nane za usiku. Siwezi kukubali uufunge kwa hofu. Siwezi.

Nijibu basi. Watoto umeandikisha wangapi mpaka leo, na wa kipato kidogo ni wangapi? Leseni inaisha lini? Yule mwenye bucha ya halali anakupa risiti, au bado anaandika kwenye daftari lake? Akiba mnayo ya miezi miwili? Nani atashika karatasi ya mezani siku ukiwa na homa? Shemeji atakubali nimpigie mwenyewe, baada ya Isha ya huku? Na Salma ameanza kutembea?

Risiti za mwezi huu usitupe hata moja.

Akupendaye,
Fatma