Watoto wameongezeka, mbona ada haishuki?

Swali hili halikauki kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: darasa la ngoma lilikuwa na watoto wachache, sasa limejaa, mbona ada ni ile ile? Mzazi mmoja ameandika wazi kwamba anaona anaibiwa. Tunamjibu hapa ili na wengine wasome.

Tuanze na chumba. Tunakodi darasa la mita 7 kwa 9, yaani mita za mraba 63 madawati yakishatolewa nje. Mtoto anayecheza bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya majembe, anahitaji mita 2 kwa 2, kwa sababu jembe huzungushwa na kurushwa, na mkono wa mtoto wa miaka tisa ukinyooka na mpini ndani yake unafika mbali. Watoto 12 wanakula mita 48. Zinazobaki 15 ni za wapigaji, mwalimu, na rundo la mabegi na chupa za maji. Ukimwingiza wa 13, kuna atakayepigwa kichwani. Majembe yetu ni ya mbao nyepesi, ya kuchongesha. La chuma haliingii humu hata kama mzazi amelileta kwa nia njema.

Kwa hiyo mtoto wa 13 anatulazimu kufungua darasa jingine. Hapo kuna mwalimu wa pili, saa nyingine za kukodi chumba na seti nyingine ya ngoma. Mwalimu hulipwa kwa kipindi, awe na watoto wanne au 12. Watoto wakitoka 12 wakawa 16, tunaendesha madarasa mawili ya wanane wanane kwa gharama iliyokaribia mara mbili, na walioongezeka kulipa ni wanne tu. Nafuu inakuja wakifika 24. Na wakishafika 24, wa 25 anabisha hodi.

Tumeambiwa pia tumpe mwalimu mmoja watoto 25, mbona shuleni wanakuwa 60 darasani. Shuleni wamekaa.

Kuchanganya umri nako hakusaidii. Wa miaka 5 hadi 7 tunawapa dakika 45, wa 8 hadi 10 saa moja na robo. Ukiwaweka pamoja, wadogo wanaanza kulala chini na wakubwa wanaanza kufundisha wenzao makosa.

Seti moja ya ngoma ni kubwa moja ya ngozi ya ng'ombe, ndogo mbili za ngozi ya mbuzi, manyanga jozi nne, na njuga za kila mchezaji. Zote ni za kimo cha watoto: ya mtu mzima inamfika mtoto kifuani, anapiga mabega yakiwa juu, na baada ya dakika kumi anapiga kwa hasira badala ya mapigo. Masika unyevu unalegeza ngozi, hivyo mwalimu anafika nusu saa kabla kuziotesha moto. Zikisogea karibu mno ngozi inaungua, zikiwa mbali mlio unabaki kama wa debe. Ngozi ya mbuzi ikipasuka haina kiraka. Mpya inalowekwa usiku kucha, inawambwa ikiwa laini, kisha inaachwa siku mbili tatu ikauke. Ukiipiga kabla, inavutika katikati na sauti haipatikani tena. Kuna mzazi aliazima ngoma ya hafla ya nyumbani akaiacha kwenye buti ya gari mchana kutwa. Ilirudi imechanika ukingoni, kwenye vigingi, na ilibidi iwambwe upya. Ndiyo maana siku hizi haziazimwi.

Sasa njia ya mkato. Kila Oktoba simu zinaanza: shule ina mahafali Novemba, watoto 40, wiki mbili, tupunguze bei. Tunakataa, wanampata mtu wa kuwapa watoto hatua kwa spika na simu. Siku ya mahafali inapendeza kwenye video, hadi utazame macho ya watoto: safu nzima inamwangalia mmoja wa mbele, na huyo akisahau, safu inaanguka yote. Kwetu muhula ni wiki 12, na nne za kwanza hazina hatua yoyote ya kuonyesha. Ni makofi, kutembea kwa mapigo, na kuhesabu nane kimya. Tunapopima, tunaigeuza safu iangalie ukuta, mpigaji ananyamaza kwa mapigo nane, kisha anaingia tena. Anayeingia na mguu sahihi anajua ngoma. Mtoto aliyefundishwa kwa kuiga, Januari analetwa kwetu, na kumtoa kwenye mguu aliouzoea kunachukua vipindi vingi kuliko kumfundisha asiyejua kitu. Mzazi analipa mara mbili, halafu lawama zinatuangukia sisi.

Nyimbo zina kasoro yake. Mwalimu wa kiume akianzisha kwa sauti yake, watoto wanaguna chini au wanapiga kelele hadi wanakauka koo. Tunaanzisha kwa kinanda, juu kidogo ya sauti ya mtu mzima, na mama akisema kwamba mwanawe "haimbi kwa nguvu", tunamwomba asimwambie hivyo nyumbani.

Ada itashuka pale tu kipindi kitakapojaa na kubaki kimejaa muhula mzima. Anayejiandikisha, akalipa nusu na kutoweka wiki ya tano, anaacha nafasi tusiyoweza kumpa mwingine, kwa sababu mgeni wa wiki ya tano hana msingi wa wiki nne zilizopita. Kwa hiyo ada inalipwa yote kabla ya wiki ya pili, na mtoto anayeumwa hufidiwa kipindi katika darasa la umri wake.

Darasa la Jumapili asubuhi, miaka 8 hadi 10, linasubiri. Tunalifungua yakifika majina manane, na likifika 12 linafungwa.